Usizidi Maneno Mia

Swali la pili nililitunga mwenyewe:
Fupisha chanzo hiki, usizidi maneno mia,
kisha kipime. Nani kasema, kamwambia nani,
aliyaona au aliyasikia?
Alama kumi na tano.

Karatasi arobaini na moja mezani, Kariokor.
Chai imeshika utando, umeme umekwenda ukarudi.
Chini wauza viondo wamekwisha funga vibanda
na harufu ya ngozi ya viatu imebaki kwenye ngazi.

Chanzo chenyewe ni kurasa mbili za mfanyabiashara,
miaka mia saba nyuma, njia ya chumvi jangwani.
Kaandika uzeeni, au kamwandikisha mwanawe;
tuliyo nayo ni nakala ya nakala,
na mnakili wa tatu alikuwa na haraka.
Mstari wa tisa: "Nimeambiwa mji una milango minne."
Mstari wa ishirini keshaipita yote minne kwa miguu yake.
Hilo wengi wamelinasa. Nikatia vyema, vyema,
kalamu nyekundu ikajiona mwalimu.

Kipng'etich, na ulimi wake wa wakili:
"Macho ya shahidi huyu yanakua kadiri anavyosimulia."
Nikacheka peke yangu. Kumi na tatu.
Mbeyu kasema mwandishi ni mwongo, basi,
nusu ukurasa kauacha mweupe.
Saba. Uongo nao una tarehe, nilimwandikia pembeni,
una mnunuzi, una bei. Uulize.

Hata nikafika kwa Kathini.
Mwandiko umelala kama nyasi iliyopigwa na mvua.
Maneno mia na thelathini na moja. Nilihesabu mara mbili,
nikaandika UMEZIDI, nikakata alama mbili,
kanuni ni kanuni,
kisha ndipo nikasoma nilichokuwa nikikihesabu:

"Walifika siku ya kumi na nane. Njiani walikufa
ngamia wawili na kijakazi mmoja.
Ngamia tumeambiwa rangi zao na bei zao.
Kijakazi hatukuambiwa hata alikufa na nini.
Hapa mwandishi hasemi uongo, hana sababu,
hakujua kwamba tutaangalia hapa.
Kwa hiyo hapa ninamwamini kuliko kwingine kote."

Nikarudi kwenye zile arobaini, moja moja.
Wote walifika siku ya kumi na nane.
Wote walifika.
Nikalitoa jibu la mfano, nililolichapa mimi,
maneno tisini na sita, yamenyooka kama pindo la fundi:
"Baada ya safari ngumu."
Nimemzika humo, ndani ya "ngumu".

Taa ya barabara inawaka, inasita.
Miaka kumi na moja naijaza anwani hii kwenye fomu,
Kariokor, Kariokor, mkono ukienda wenyewe,
na mimi ndiye nifundishaye watu kuuliza
jina limetoka kinywani mwa nani.
Ni neno la jeshi la wageni, limesagwa na ndimi zetu
mpaka likalainika: kikosi cha wapagazi.
Waliobeba risasi na unga katika vita vya kwanza
wakarudi baadhi, wakapewa udongo huu wa kulalia.
Wasiorudi, kila kitabu na hesabu yake,
kwa makumi ya maelfu yanayopanda na kushuka
kama chenji ya mtu asiyekumbuka kaiweka wapi.
Nyumbu wao sijui. Huenda waliandikwa.
(Haya nimeyasoma, sikuyaona.
Nami nipimwe.)

Karibu alfajiri. Mwadhini wa Pumwani kaanza,
mtu anaburuta mkokoteni kuelekea Gikomba,
matairi yake yananung'unika kwenye kokoto.
Sikutoka kumtazama.

Wino mwekundu haufutiki.
UMEZIDI lilikuwa palepale, kubwa, juu ya jina lake.
Nikaongeza chini yake, kwa herufi ndogo,
kwa mtu mmoja.