Kilale

Daftari langu la mwanzo jalada lake kijani,
kona zimeliwa na mende,
na ukurasa wa Yumna una doa la mchuzi
kwa sababu siku aliyotamka "pweza"
nilikuwa na mwiko mkono huu, kalamu mkono ule.
Doa ndilo ushahidi.

Sasa wameniletea kishkwambi.
Kijana wa Chake, shati limenyooka,
kanikalisha uani saa mbili kunifunza kugusa kioo:
"Bi Mize, usikibonyeze kama kengele,
kiguse kama unayefuta chozi la mtoto."
Mwanangu, nikamwambia, hapa Limbani
machozi tunayafuta kwa kanga, na kwa haraka.

Watoto ni tisa. Msimu wa karafuu hufika kumi na wanne.
Mama zao hutoka na giza la alfajiri,
hurudi magharibi vidole vyeusi, wananukia makonyo,
na suali lao moja: "Leo kafanya nini?"
Zamani nilijibu kwa mdomo, na mdomo huchoka:
Arkam nikampa sifa za Faki,
Faki nikambebesha kuhara kwa Arkam.
Kwa hilo, nakubali, kioo kimenishinda.
Kinajua kwamba Twaiba alipanga vifuu saba
kwa ukubwa wao, Jumanne, saa nne kasorobo.
Picha ipo. Kidole puani kipo.
Mama yake aliitazama kasimama mlangoni
na pakacha kichwani, asilitue.

Lakini kina visanduku vitatu tu:
Amefikia. Anakaribia. Hajafikia.
Na Mundhir ana miaka mitatu na miezi tisa
na neno hajatamka.
Kila Alkhamisi kinaniuliza, nami najibu
hajafikia,
hajafikia,
wiki kumi na tisa.
Daftari lilikuwa na nafasi. Ningeandika:
leo kanishika upindo wa buibui, hakuuachia hata adhuhuri.
Kioo hakina sanduku la upindo.

Na huko nani anasoma? Nilimuuliza yule kijana.
Akasema takwimu. Akasema Chake, kisha Unguja, kisha juu.
Juu wapi? Akacheka.
Nikatia neno la siri hata mume wangu halijui,
maana habari za mtoto si za kuanikwa jamvini kando ya njia
kila apitaye akachota.

Basi Jumatatu umeme ulikatika tokea usiku.
Chaji asilimia nne. Mvua. Watoto wote chumba kimoja
na harufu ya mkojo.
Kioo kikapepesa, kikawa cheusi.
Mundhir akasogea. Akautazama uso wake mle ndani.
Akakifunika kwa pembe ya kanga yangu,
akakipigapiga mgongo, taratibu, kama nimpigavyo yeye,
akasema:
"Kilale."

Aliyesikia ni mimi na Faki,
na Faki alikuwa analilia boflo.
Picha hakuna. Sauti hakuna. Saa siijui.
Nikachukua mkaa, nikaandika ukutani nyuma ya mlango:
KILALE. Mundhir. Mvua.

Jioni akaja mama yake, Bikombo.
Sikumwambia kitu. Nilimshika mkono, nikampeleka.
Kusoma kwake ni kwa kujikongoja:
ki, akasema, la, akasema, le,
midomo ikitafuta kila silabi mlango.
"Nani kaandika?"
"Mimi. Aliyesema, je, huniulizi?"
Akakaa chini, palepale, na matope ya shamba.

Umeme umerudi Jumatano. Alkhamisi kioo kimeuliza.
Nimegusa Anakaribia, kidole kikinitetema.
Chini kuna kijinafasi cha maoni.
Nimeandika: alikibembeleza.
Kimelipigia mstari mwekundu, neno hakilijui.
Nimeliacha hivyo hivyo.