Duara la Chai

Dobi amezuia jezi zetu.
Amezifungia chumba cha chini
na ufunguo kauvaa shingoni kama hirizi.
"Siku kumi na nane," asema Mofazzal,
"nafua jasho la watu wanaolipwa."
Tukatazamana.
Nani alimwambia tunalipwa?

Chattogram, ghorofa ya sita.
Mwenye timu, tajiri wa vigae,
ametuma ujumbe: kesho.
Kesho yake sasa imeota ndevu.
Nyumbani Berbice mama ameshakopa mabati kwa jina langu;
goti langu lililochanika akilirushia mipira
nimelipigia picha kwa fedha yangu.

Ndipo akaja Ignatius Prescod,
miaka kumi na tisa nyuma ya wiketi,
sasa mtu wa chama chetu, chama cha wachezaji wa kila nchi.
Begi moja. Vidole visivyonyooka.
Nikamchokoza: kidole kimoja hakivunji chawa,
nawe vyako vyote vimevunjika, mzee, utavunja nini?
Akacheka, akaweka karatasi mezani.
"Hivi vilivunjika kimoja kimoja," akasema.
"Ndiyo maana nimekuja."

Sisi wageni tutapanda ndege.
Rubayet atabaki.
Ana miaka ishirini, mkono wa kushoto,
na kila kamati ya mji huu inamjua baba yake.
Akaishika kalamu kama mpira mpya,
kwa ncha za vidole,
akaiweka chini.
Hakuna aliyemlaumu.
Zmarai akaagiza chai.

Glasi ya Rubayet ikaacha duara la maji mekundu
katikati ya karatasi.
Prescod akataka kuibadilisha. Rubayet akamshika mkono.
Akaandika jina lake ukingoni mwa duara,
limepinda, kwa herufi za Kibangla,
akaizungusha karatasi, akanisukumia.
Tukaenda hivyo hadi majina kumi na tisa
yakakaa kama watu waliozunguka sinia.
Haya, tajiri wa vigae, mtafute aliyeanza!

"Bado mmoja," akasema Rubayet,
akashuka ngazi kumwita dobi.

Saa moja usiku uwanja ukawashwa taa.
Tuliuona kwa dirisha,
mweupe, kama sahani iliyooshwa
isiyo na chakula.
Hatukwenda.

Fedha zilikuja nusu.
Nusu nyingine Prescod huiandikia barua kila Jumatatu.
Goti langu hujua mvua kabla ya redio.
Na msimu huu, walipoyasoma majina,
la Rubayet halikusomwa.

Nilimpigia simu juzi. Anafundisha watoto kurusha,
kwenye kiwanja chenye mbuzi.
Mofazzal, asema, anang'ang'ania kumfulia bure.
"Na wewe?"
"Namlipa," akasema. "Kila shati.
Tulisaini."