Mabega ya Malkia

Nimekata godoro, kona mbili za miguuni,
nikapata mabega ya malkia wa nyota.
Rangi ya dhahabu nimeipata Mwanga, kopo la nusu bei,
masalia ya fundi majeneza.
Sidiria ya mtumba, vizibo vya soda arobaini,
gundi ya Ntahomvuye.
Hakuuliza ya nini; alitazama tu vidole vyangu.

Nina miaka thelathini na minne. Mlango una komeo.
Taa ya simu nyuma ya dumu la mawese:
nimelisugua mara tatu,
bado linatoa jua la magharibi.

Waliolipia mwezi huu ni kumi na tisa.
Mmoja kaandika: hilo vazi limekula pesa.
Nikacheka, kizibo kikadondoka.

Alfajiri nauvua umalkia, nausukuma uvunguni.
Nalala. Miguu inalalia chaga
pale palipokuwa na bega.