Jiwe la Gumegume, Mto Kiso

Mwaka wa sabini na saba, Februari,
maabara haikuwa na moto. Nilivaa glavu jozi mbili
nikakaa na ndoo za plastiki, maana tindikali ile
hula kioo kama mchwa alavyo mlango.
Ndani ya ndoo, vipande vya jiwe jekundu
nililolivunja kwa nyundo ukingoni mwa mto:
gumegume lenyewe, lisilokubali msumari
wala swali.

Profesa Kuramochi alikwisha kuliandikia jibu.
Ramani yake ilitundikwa juu ya mlango,
milima yote rangi ya kahawia: Permi.
Ushahidi alikuwa nao. Katika mawe ya chokaa, pale pale jirani,
visukuku vinono kama punje za mchele,
vikongwe, vinaonekana bila hadubini.
Miaka ishirini na sita ya buti zilezile,
akibadilisha soli tu.

Siku ya pili nikamwaga, nikachuja, nikasuuza,
nikakausha chini ya taa.
Kilichobaki ni vumbi, kijiko cha chai hakijai.
Nikaweka jicho.

Kengele.
Kofia za chuma. Taji la mwana wa mfalme
asiyezidi unene wa unywele.
Vikapu vilivyosukwa kwa kioo
na viumbe wasio na mikono,
waliokufa wakielea, wakashuka gizani
mmoja mmoja, mvua isiyolowesha,
unene wa kucha kwa kila miaka elfu.

Nikafungua kitabu. Nikakifunga.
Nikahesabu upya vyumba vya kila kengele
kwa ncha ya brashi yenye unywele mmoja.
Jura. Si Permi, Jura.
Milima mizima imepunguza umri miaka milioni mia
mbele yangu, na chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Nilikaa kimya siku nne. Ningemwambiaje?
Ya tano alikuja mwenyewe, akanusa tindikali,
akavua miwani, akainama.
Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia bomba likidondosha.
"Hatsue," akasema bila kuinua kichwa,
"kumbe lile jiwe la chokaa lilikuwa mgeni.
Liliporomoka likalala katika tope la wajukuu,
nami nikaliuliza umri wa nyumba."

Kisha akaomba penseli ya bluu.
Sandukuni mwake haikuwamo,
hakuwahi kuihitaji.
Nikampa yangu, fupi,
yenye alama za meno.