Mkanda Mpya

Uliniletea Noa ikilia, asubuhi ya Julai,
baridi ya Kizota imeganda kwenye spana,
sauti yenyewe nyembamba, panya aliyebanwa na mlango.
"Ikipata moto inanyamaza," ukasema, Bi. Mbeleje,
kama mzazi anayemtetea mwanawe mbele ya mwalimu.

Nikafungua boneti. Nikautoa mkanda:
umechanika mbavu, umeng'aa mgongo.
Nikaizungusha puli ya tenshena kwa kidole kimoja.
Puli nzima huzunguka kimya na kusimama mapema, ina haya.
Hii ilizunguka, ikazunguka,
na ndani yake mtama mkavu ukipepetwa kwenye ungo.
Mkono wake nao ulicheza.
Hata jino langu la mwisho halichezi vile.

Nikakwambia: mkanda na tenshena, vyote viwili.
Ukauliza bei. Nikaitaja.
Ukatazama upande wa Mlimwa, kana kwamba kilima kinakopesha,
midomo ikihesabu ada ya Lechipya, na alizeti
ambayo haijapata mnunuzi.
"Weka mkanda tu, fundi. Hicho kingine mwezi ujao."

Nami nilikubali.
Sisemi ulinilazimisha. Nilikubali.
Kodi ya banda ilikuwa imepita tarehe.
Nikafunga mkanda mpya kwenye tenshena mbovu,
nikafuta vumbi kwenye taa, jambo ambalo hukuniomba,
na gari likaondoka kimya
siku kumi na moja.

Ya kumi na mbili, saa mbili usiku, simu.
Upo kabla ya Mtanana, magunia saba nyuma.
"Taa ya betri imewaka. Usukani umekuwa jiwe.
Mshale wa joto unapanda kama mbuzi kwenye kichuguu."
Zima, nikasema. Zima sasa hivi,
usiniambie utajikongoja hadi Kibaigwa.

Nilipata lori tupu linalorudi Morogoro.
Dereva alipiga soga. Mimi nilikuwa na tenshena mapajani,
ndani ya boksi lake, nzito kuliko chuma.

Wamesema kamba hukatikia pabovu.
Nilimulika mkanda ule kwa simu:
maandishi yake bado meupe,
umekatikia pazima kabisa.
Ubovu ulikuwa kwa jirani,
kwenye springi iliyochoka kuvuta
na beringi iliyokula grisi yake ikaanza kujila yenyewe.

Tulifanya kazi, upepo ukitujaza mchanga machoni.
Wewe ulishika mwanga, mkono haukutetemeka.
Bolti ya chini iligoma; nikaibembeleza, nikaitukana, ikaja.
Tenshena mpya nikaiweka, nikaivuta kwa spana namba kumi na tisa,
nikaizuia kwa msumari,
nikaupitisha mkanda: puli kubwa, pampu ya maji, jenereta,
njia niliyoichora juu ya boksi nisije nikadanganywa na giza.
Nikachomoa msumari.
Mkono ukarudi taratibu, ukaukaza mkanda
kiasi chake tu.
"Mbona hukazi zaidi?" ukauliza.
Ukilegea unateleza, nikasema. Ukikazwa mno
unaua beringi za wenzake. Hii inajua. Mwachie.

Tukamwaga maji kwenye rejeta, ukawasha.
Hakuna panya. Hakuna mtama.
Injini tu, na mbali huko mbwa mmoja.

Nikatoa pesa ya mkanda wa kwanza, nikakurudishia.
Ulizihesabu mara mbili chini ya taa ya ndani,
ukachukua nusu, nusu ukanisukumia kifuani.
"Sauti ilirudi tangu Jumanne," ukasema.
"Nikaongeza redio."

Halafu ukaniuliza kama nimekula.