Vipande vya Mama Ndeshukurwa

Mimi Ndeshukurwa, karani mstaafu wa mizani,
niliyepima kahawa ya watu miaka thelathini na moja
na kuazima chumvi kwa jirani kila ikifika tarehe ishirini,
leo naidai serikali ya Poland.

Naidai na Peru. Indonesia naidai kidogo,
kama elfu sitini hivi, ukigawanya vizuri.
Godlisten ndiye aliyenionyesha kwenye simu:
huu mfuko wa hatifungani za dunia, bibi,
nawe umo, vipande mia nne.
Tangu siku hiyo habari za nje nazisikiliza nimesimama.

Mfuko umefungwa. Hilo nililielewa upesi
kuliko yule kijana wa tai aliyenieleza.
Ni kihamba. Masale yamekwisha kupandwa mpakani,
hakuna wa kukukatia kipande kipya,
wala huendi kubisha hodi ofisini urudishiwe chako.
Anayetaka kutoka amtafute wa kuingia.

Riba huja kwa zamu, kama maji ya mfongo:
Machi, Juni, Septemba, Desemba.
Siku yangu ikifika nashika jembe, nafungua,
namwagilia kilichonyauka:
ada, dawa ya presha,
bati moja la jikoni, lile linalovuja juu ya chungu.

Mwezi wa nne shemeji Elinami akaja, viatu matope matupu.
Uza, shemeji. Bei imeanguka. Wakubwa huko wamepandisha riba.
Nikamuuliza, vilivyomo ndani vina thamani gani?
Tisini na moja kwa kila mia.
Na sokoni?
Sabini na nane.
Nilicheka hadi chai ikapoa.

Elinami, wewe si mtoto wa Kiboriloni?
Hujaona mkungu wa mshare, vidole vimejaa,
ukitupwa kwa bei ya ndizi mbivu saa kumi na moja jioni,
mvua inanyesha, mwenyewe anawaza utelezi wa kupanda Kidia?
Mkungu ni ule ule.
Jua ndilo limeisha.

Akaondoka bila kumaliza kikombe.
Asubuhi nikamtuma Godlisten aniongezee hamsini
kwa masalio ya pesa ya kahawa, na ya yule mbuzi mweusi.

Dakika mbili tu. Mahali fulani mtu akaniuzia.
Uso wake sikuuona.
Huenda ni tajiri aliyeshtuka.
Huenda ni mama, mgonjwa wake kalazwa,
bili iko chini ya mto,
anatazama simu, anasema haya, basi, sabini na nane.

Sikumwambia mtu.
Nilichambua maharage, nikayachambua tena.
Nimekaa kwenye kiti chake,
na kiti bado kina joto.