Ukuta Mmoja

Ukuta ulikuwa mmoja, tena wa mbao:
huku sisi na mtambo wetu wa chapa,
kule wao na pazia lao,
na chini yao farasi kumi na wanne wa kukodisha,
hata malkia akifa jukwaani
alikufa katika harufu ya samadi.

Dunedin, mwaka wa pili wa dhahabu.
Matope hadi magotini. Wachimbaji
walimtupia mwigizaji chembe za dhahabu badala ya maua,
na wazee wa kanisa la Kiskoti
walipita ng'ambo ya barabara
wakiikoholea ile nyumba.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano,
mpanga herufi, vidole vyeusi,
nikiisoma dunia kinyumenyume.

Mhariri wetu, Bwana Pym, aliuhukumu mchezo
kabla pazia halijafunguliwa.
"Mchezo ni ule ule, kijana, Bibi Venning ni yule yule,
na meli ya posta haimngoji mtu."
Alikuwa na hisa katika ule ukumbi.
Hilo hakuliandika.

Jumamosi ile alinipa mistari sita.
Wa nne ulisema:
Kilio cha mjane hakikutushawishi.
Nikaupanga.

Saa tatu usiku ikaja karatasi kutoka bandarini,
imelowa, mwandiko wa mbio:
meli Araminta, mwambani, kusini,
waliozama kumi na mmoja.
Nikayapanga majina. Seremala mmoja.
Mtoto, jina halikujulikana.
La saba: Edmund Venning.

Na kupitia mbao nikamsikia,
akimlilia mume wa kuigiza,
huku wa kweli ameganda kwenye kidole changu,
herufi kwa herufi, baridi.

"Bwana, nimwite?"
Pym akaitazama saa, akautazama ukuta.
"Viti mia tatu vimelipiwa. Maiti hana haraka."

Nilinyamaza. Wala sijitetei.

Alikuja baada ya mchezo, rangi ingali usoni,
kama kila Jumamosi, kutazama amesemwaje.
Nilikuwa nimesahau kwamba alizaliwa Leith,
binti wa mpiga chapa.
Hakuhitaji karatasi. Aliinamia meza ya jiwe
akaisoma risasi yenyewe.
Kidole kikapita mstari wa nne, akacheka kidogo,
kikahamia safu ya pili.

Farasi mmoja akapiga kwato.

Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ukutani:
"Umezipindua hizi. Hapa pa u umeweka n."
Akazichomoa kwa kucha zake, akazigeuza,
akazirudisha, akalisawazisha jina kwa gumba.
Akaomba tambara la kufutia wino.
Akatoka.

Niliung'oa mstari wa nne.
Gazeti likatoka na pengo jeupe, upana wa kidole;
watu wakadhani herufi zimetuishia.
Pym alinikata shilingi mbili.

Jumatatu aliigiza.
Sikwenda. Nilitega sikio kwenye mbao
nikingoja pale pa kilio.
Pakafika. Pakawa kimya,
kimya kirefu, wachimbaji mia tatu
hawajui kama wapige makofi au wavue kofia,
na huku kwetu Pym,
kalamu hewani,
akiniuliza kwa kunong'ona:
"Kuna nini huko? Wamefanya nini?"